Chuma cha Ilario

Muuguzi alimtoboa Ilario kidole,
tone likapanda kwenye kioo, jekundu la kusitasita,
kama chai iliyoongezwa maji mara ya pili.
"Tisa na nusu," akasema. "Na huku Puno, juu hivi,
tisa na nusu ni sawa na kusema hana kitu."

Usiku nikazitazama sahani zetu upya.
Viazi tulivyovilaza kwenye baridi ya Juni,
tukavikanyaga pekupeku vikatoka maji: nguvu za kutembea.
Kinoa: nyama ya asiye na nyama.
Jibini ya mama mkwe, Saturnina, inayolia menoni: mifupa.
Na chuma?
Chuma tunacho kwenye paa,
kwenye reli ya Juliaca,
mgodini anakozama baba yake wiki sita kwa sita.
Hakimezeki.

Nikanunua damu ya kuku sokoni,
mfuko mmoja, bei ya kipande cha sabuni.
Nikaikaanga na vitunguu hadi ikawa nyeusi.
Ilario akafumba mdomo kama benki siku ya Jumapili.

Siku ya nne nikaiponda, nikaifukia chini ya viazi,
nikakamulia limau;
muuguzi alisema limau ndilo linalobisha hodi,
bila yake chuma husimama nje.
Akala. Akanitazama. Alijua.

Leo ameruka ukuta wa jirani,
ameiba yai, amelivunja,
namkimbiza, naishiwa pumzi mlangoni,
mimi niliyemwachia damu yote
nikala viazi vitupu.

Muuguzi, kidole changu hiki hapa.