Minara Miwili

"Hata nyinyi mnaiita minara?" nilimuuliza Desderi,
mpiga kengele, siku niliyoitwa kutengeneza waya wa taa.
"Tutaiita nini tena? Neno ni hilohilo."

Tukapanda. Ngazi nyembamba, kinyesi cha njiwa,
kamba imelainika pale mikono inaposhika.
Nilihesabu vidato hadi arubaini na tatu,
pumzi ikanikatalia hesabu.

Juu, mabati ya Mji Mkongwe yalinilalia miguuni,
kutu juu ya kutu,
na katikati yake msikiti alikoadhini baba yangu, Shaame,
kabla ya vipaza sauti.
Kutoka huku ulikuwa mdogo, kama kisanduku cha udi.

Saa sita kamili mchana.
Desderi akatoa pamba mfukoni,
akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto,
akanimegea na mimi.

Nikamwona baba:
vidole viwili masikioni,
macho kayafumba, mishipa ya shingo imesimama.
Miaka yote nilidhani ni ada tu.
Kumbe mwenye kuita naye ana masikio.

Kamba ikashuka.
Pamba nikaitia mfukoni, pamoja na bisibisi.
Masikioni nikatia vidole.