Kilele na Kelele

Elektrodi yangu ni penseli ya shilingi kumi.
Niliinunua Luanda siku ya soko,
nikaichonga, nikaisugua kwenye karatasi laini
hadi ikang'aa kama jicho la omena.

Saa nane usiku, Maseno.
Chupani mna mkojo wangu mwenyewe, niliouzimua.
Napandisha volti polepole, kama mtu apandishaye utambi,
nangoja dopamini iachie elektroni zake mbili.
Mbili tu. Ndizo zitakazoniambia kuwa ipo.
Ikipungua kichwani, mkono husahau kutulia.

Lakini haiji peke yake.
Ndimu niliyoikamulia samaki imo humu,
mapera ya jana yamo,
nyama ya matanga ya Jumamosi imo, imegeuka asidi,
na asidi hizi ni nyingi, mara elfu kwa moja,
zote zinapenda kusema kwenye volti ile ile.
Skrini inachora mlima mmoja mnene usio na bonde.
Nilitaka kilele,
nimepata kelele.

Otuoma, fundi wa maabara, alipita na ufagio:
"Huwezi kuzinyamazisha. Weka mlango."

Nikaweka utando. Tone moja,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
wenye chaji hasi.
Hasi na hasi hazilali kitanda kimoja:
asidi zilifika, zikasukumwa,
dopamini, yenye chaji chanya,
ikaingia bila hodi.

Ndivyo kitabu kinavyosema. Mimi
umeme ulinipotea mara mbili,
utando ukanyauka, ukabanduka,
penseli ya tatu ikavunjika mkononi,
nikalia kidogo, nikanywa maji, nikachonga nyingine.
Mara ya kumi na tisa
bega dogo likatokeza ubavuni mwa mlima,
likajitenga,
likawa kilima.
Nilikipima kwa rula. Sikuiamini kompyuta.

Alfajiri mama akapiga simu kutoka Yala.
Mvua juu ya mabati, redio, kuku,
na omena imepanda bei, sijui tutakula nini,
na Awino amejifungua mtoto wa kiume,
na kikombe kimeniponyoka tena,
na yule jogoo wa Obanda anawika usiku wa manane
kama aliyelishwa pilipili,
na wewe mbona sauti yako imekauka, unakula kweli,
na shangazi yako anasema

"Mama," nikamkatiza. "Rudi nyuma.
Kikombe kipi?"