Uzi Mmoja

Aprili, na baridi imerudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Mji umelala, ila tumbo lake halilali:
linafika kwangu kwa bomba, saa nane usiku,
bila kubisha hodi.

Mimi Halszka, mlinzi wa tangi namba mbili.
Mume wangu huwaambia wageni nafanya kazi manispaa,
kisha anawahi kubadili mazungumzo.
Mavi ya kale hayanuki, sawa,
lakini haya ni ya leo: ya meya, ya padri,
ya mtoto wa jirani aliyeshindilia mayai ya Pasaka.
Tangini hakuna cheo.

Wala sikoki moto. Sina kuni, sina gesi.
Napuliza hewa tu,
na wale wadogo wasioonekana wanaamka, wanakula,
na kula kwao ndiko kunakochemsha.
Wanaosema penye moshi pana moto
waje wauone mvuke huu, wanitafutie jiko.

Jioni kipimo kilisoma hamsini na saba.
Hapo mayai ya minyoo hayana maisha marefu.
Kisha kipulizo kikakohoa, kikanyamaza.
Povu likanywea kama maziwa yaliyoepuliwa.
Hamsini na sita.
Nikaingia chini ya mashine, tochi mdomoni,
spana ikining'ang'ania vidole kwa baridi.
Hamsini na tano.
Nikaiapiza kwa maneno ya marehemu mama yangu,
ambayo hayaandikwi.
Ilipovuta pumzi tena kulikuwa kumekucha,
na kipimo: hamsini na nne.

Gniewomir alikuwa keshafika na lori.
Shamba lake la shayiri linadai mbolea, mvua iko njiani.
"Uzi mmoja tu, Halszka. Nani atajua?"

Uzi mmoja. Nguo ngapi zimefumuka kwa uzi mmoja?
Sikumwambia hivyo. Nilimuuliza
kama Jagna, mjukuu wake, bado anakula udongo.

Akazima injini.

Tukaanza kuhesabu upya, kutoka sifuri,
saa baada ya saa, nikiandika daftarini,
yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chai imempoa mkononi,
akinung'unikia serikali, mawingu, na mimi.
Mchana nikamkuta amesinzia, kofia puani,
mgongo umeegemea ukuta wa tangi,
umeegemea chakula cha juzi cha mji mzima,
na mashavu yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi,
yana rangi.