Silinda ya Tatu

Nilifika Msongola saa moja na nusu,
geji ndani ya begi, nimeiviringisha kwa khanga ya mke wangu
kama kitu cha kuvunjika. Na ni cha kuvunjika:
niliiazima Gerezani, simu yangu nikaiacha rehani.

Trekta lilikuwa nyuma ya nyumba, pua limeielekeza bondeni.
Rangi nyekundu imebaki kwenye makunjo tu,
hina ya harusi ya mwezi uliopita.
Shamba lilishakatwa viwanja;
siku hizi linavuta mchanga na tofali za wanaojenga.

Bi Chausiku Pazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Mnunuzi anakuja kesho, anatoka Mlandizi.
Niambie ukweli kabla yeye hajaniambia."

Haya. Ukweli unataka injini ya moto.
Likawaka kwa shida, likakohoa bluu,
kuku wa jirani wakahama.
Nikaliacha lichemke, nikalizima,
nikafungua nozeli tatu, nikazipanga juu ya gazeti
kwa zamu zake, maana kila moja na tundu lake.
Ni viatu vya msikitini: ukichanganya, mtu atarudi peku.

Nikakata dizeli. Nikafunga geji tundu la kwanza.
"Piga stata. Hesabu tano, uachie."
Chwa, chwa, chwa, chwa, chwa.
Mshale ukapanda kwa vituo, kama mtu mnene na ngazi,
ukasimama mia tatu na sitini.
Ya pili, mia tatu na hamsini. Hakuna neno.
Ya tatu ikapanda hadi mia mbili na kumi,
ikachoka.

Nikasafisha tundu, nikarudia.
Mia mbili na kumi.

Pumzi inatoroka; swali ni kwa mlango gani.
Labda valvu, imeungua ukingo.
Labda ringi, zimelegea kiunoni mwa pistoni
kama shanga za mwanamke aliyekonda.
Ndiyo maana natembea na kijiko cha chai.
Kijiko kimoja cha oili, ndani ya tundu, taratibu.
"Piga tena."
Mia tatu na ishirini.

Basi ni ringi. Oili imeziba pale chuma kilipokwisha.
Nikaandika kwa chaki kwenye madigadi:
360, 350, 210.

Alinyamaza mpaka ndege moja ikapita,
tumbo chini, ikitafuta uwanja.
Kisha akauliza, kama anayeulizia bei ya nyanya:
"Na hicho kijiko, mtu akikitia alfajiri,
mgeni hajafika, mshale utapanda?"

Utapanda.

"Utakaa?"

Utakaa mpaka pesa zihesabiwe.
Trekta likifika Kibaha, namba itakuwa imesharudi kwao.

Sikuongeza neno. Mimi nimewahi kukitia,
Temeke, mwaka ule mwanangu amelazwa Amana,
gari la mtu asiyejua, kijiko na nusu.
Alinishukuru, akaniongezea na ya soda.

"Marehemu alililipia misimu minne ya mpunga," alisema.
"Mwenyewe alikuwa na pumu.
Usiku nilikuwa nahesabu, kama ulivyoniambia nihesabu."
Akaingia ndani kutazama maharage.

Nililala bandani. Umande ukashuka,
chaki ikachuruzika.
Saa kumi na mbili nikamkuta mbele ya madigadi,
kipande cha mkaa mkononi.
Tatu sita sifuri, sawa. Tatu tano sifuri, sawa.
Ile ya tatu ameiandika kubwa kuliko zote,
mbili imepinda shingo kama bata,
na chini yake, kwa herufi za elimu ya watu wazima:
RINGI.

Kijiko changu alikisugua kwa majivu.
Nilikikuta kwenye kikombe alichoniwekea.
Chai ilinuka oili kidogo.
Nikainywa yote.