Shimo Namba Mbili

Wameanza na paa.
Vijana waliovaa meupe kama warina asali
wanateremsha mabamba ya asbesto, moja moja,
wanayavika sanda ya nailoni.
Miaka ishirini na sita nimekula ugali chini ya paa hilo,
nikipuliza vumbi lake kwenye sinia.

Karakana hii ilijengewa malori mafupi.
Ya sasa ukiyaingiza, mkia unabaki mvuani,
fundi anafungua difu huku baridi ya Kibo inamtambaa mgongoni.
Shimo namba mbili tulilizoea kama jino bovu:
unajua pa kukanyaga, unajua pa kuinama.
Koplo Nyakitita hakuwahi kuinama, siku ile jeki ilipoteleza.
Jina lake tulilichonga kwa tindo ukutani humo,
grisi ikalifunika,
tukawa tunalisoma kwa vidole.

Sasa amekuja Mhandisi Anaeli Urio,
buti mpya, penseli sikioni.
Anapima. Mlango mita tano. Sakafu isiyokunywa mafuta.
Bomba la kunawia macho
(sisi tulipulizana tu, mtu na mwenzake).
Feni za kuvuta moshi:
"Moshi bila moshi," anatania. Hakuna anayecheka.

Kisha akauliza:
"Oili chafu ilikuwa inakwenda wapi?"

Mafundi wote tukatazama buti zetu.
Mimi ndiye niliyemwonyesha tundu, chini ya meza ya jiliwa,
tundu lisilozidi mdomo wa kikombe.
Linatokea nyuma ya uzio, linafuata mfereji
hadi shambani kwa Mama Ndeonasia.
Aliwahi kuja getini na gimbi mkononi,
amelipasua katikati: jeusi, linanuka gari.
Zamu ilikuwa yangu.
Nilimwambia arudi Jumatatu.

Tundu limezibwa kwa zege.
Nje wamechimba matangi matatu, maji yanapokezana, yanaacha uchafu wake.
Anaeli alinieleza kama anayemweleza mtoto,
nami nikasikiliza kama mtoto.
Kipande cha ukuta wa shimo hakukibomoa,
baada ya kupitisha kidole kwenye yale maandishi.
Hakuuliza ni nani.

Mvua za Machi zilipoanza
nilitoka nje ya uzio, nikachuchumaa mferejini.
Yakaja maji na majani ya migomba, udongo, kandambili moja ya mtoto.
Zile rangi za upinde hazikuja.
Nikangoja mpaka nikalowa.

Mama Ndeonasia, mwaka wa nane huu tangu azikwe.
Magimbi analima mjukuu wake.
Jumatatu nitakwenda.