Haipo, Haipa

Kitabu nilikipata duka la hisani, barabara ya Holderness,
kwa bei ya nauli ya basi.
Mwenyewe wa kwanza alipaka wino wa njano
hadi ukurasa wa arobaini, akachoka.
Kuanzia hapo ni mimi na penseli.

Saa kumi alfajiri, Hull, kabla ya zamu ya kuku,
nasoma jikoni na koti mwilini
maana mita ya gesi nayo ina njaa yake.
Haipo: chini, pungufu.
Hilo liliniingia bila kubisha hodi.
Haipo ni haipo, kama unga tarehe ishirini na saba.
Lakini haipa, eti, ni kuzidi, kufurika,
presha iliyopanda hadi masikioni,
na sikio langu likang'ang'ana kusikia haipi,
isiyotoa, iliyofumba mkono.
Nikabishana na meza.
Mwanakheri, bintiyangu, anayeota kwa lugha ya huku,
akapita kuchukua maziwa:
"Mama, acha kutafsiri. Kariri tu."

Nikakariri kwa njia niliyofundwa mimi,
nane kwa nane, nikihesabu kwa vidole ndani ya glavu
huku mapaja ya kuku yakipita kwenye mkanda:

    Kadio weka moyoni, hepa ni ini la haja,
    Nefro figo mgongoni, mawili wala si moja,
    Nyumo ipo kifuani, pumzi inapokuja,
    Na gastro i tumboni, shibe yangu ninangoja.

Nyumo huandikwa na herufi p mlangoni
ambayo hakuna anayeisalimu.
Niliihurumia. Kiwandani pale
nami niliandikwa miaka minne bila kutamkwa.

Mtihani nilifaulu, si kwa mbali.
Wakanipa beji, kamba ya bluu,
na mgonjwa wangu wa kwanza, ghorofa ya tisa:
Bi Mwantumu Shekiondo, wa Muheza,
kitenge juu ya gauni la hospitali,
viatu kavivua akavipanga kama yuko barazani.
Daktari alikuwa kijana, soksi zake zina picha za bata.
Muulize, anasumbuliwa na nini?

Bi Mwantumu akatazama dirisha, mvua, mto ule wa rangi ya chai.
"Mwanangu kanikata maini."

Nami, kwa pupa ya kitabu changu,
nikalitoa ini bichi, linachuruzika,
nikalibwaga mezani.
Daktari akainuka. Akabonyeza chini ya mbavu za kulia.
Hapa? Lini? Alitumia kisu?
Bi Mwantumu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.
"We mwana, umemwambia nini huyu?"

Kanuni inaruhusu. Nikasema: mkalimani amekosea,
mkalimani anaomba kusahihisha.
Nikaeleza kwamba kijana wake yuko Leeds,
saa moja kwa treni,
na simu yake haijalia tangu Aprili.

Daktari akaondoa mkono taratibu,
kama mtu aliyegusa sufuria isiyo yake.
Kalamu ilikaa hewani.
Kisha akauliza swali ambalo halimo kitabuni:
anakula na nani?

Hali. Kupika kwa mtu mmoja, alisema,
ni kuusumbua moto.
Sukari walipoipima ilikuwa haipo,
haipo ya kwao na haipo ya kwetu,
zote mbili ndani ya tone moja la damu.

Kwenye basi nilifungua ukurasa wa njano.
Kando ya hepa nikaandika kwa penseli:
kabla ya kubonyeza, uliza nani.

Kesho ni sura ya mifupa.
Mtulinga naujua tangu nilipouvunja nikiwa na miaka tisa.
Jina lake la huku ndilo bado.