Kitabu cha Barua Zinazoingia

Ilikuwa Jumanne ya upepo, ule wa mwezi wa saba
unaobeba udongo wa Ihumwa na kuutandaza
juu ya meza zetu mpya kule Mtumba,
ndipo akaingia: suti ya kijivu, mabega mekundu kwa vumbi,
bahasha kifuani kama mtoto aliyelala.

"Mbukwenyi," alisema. Sijui nani alimfundisha.
Mlinzi alicheka. Mimi pia.
Kisha akataja nchi yake.

Nikafungua kompyuta. Kompyuta haitaki maelezo,
inataka uchague kutoka kwenye orodha.
Nikashuka na orodha kama mtu anayeshuka kisimani:
Samoa, San Marino, Sao Tome.
Nikapanda, nikashuka tena.
"Sanareli," akasema, herufi kwa herufi, bila kukasirika,
kama mtu aliyezoea kulitamka kwenye kaunta.

Basi nikachukua kitabu cha zamani, kile cha jalada jeusi,
ambacho hakina orodha, kina mistari tu.
Mstari hupokea lolote.
Kutoka: Sanareli. Yahusu: Ombi la kutambuliwa.

Miaka kumi na tisa, aliniambia, akingoja chai ipoe.
Tuna mahakama. Tuna trafiki, na trafiki wetu ana njaa
kama trafiki yeyote duniani.
Tuna mtihani wa darasa la saba, na wanaofeli.
Tuna noti. Akanipa moja, ya ishirini, ina picha ya kisima.
Nilizunguka nayo maduka ya kubadilishia fedha mjini;
mmoja aliiinua kwenye taa, akauliza ni tiketi ya nini.
Pasipoti yake haina muhuri hata mmoja:
kila mpaka hugonga karatasi ya pembeni,
na karatasi ya pembeni hutupwa akishatoka.
Amezunguka bara zima, na kitabu kinaapa hajatoka nyumbani.

Akaja Alhamisi. Akaja Jumatatu.
Mkuu yuko kikaoni. Mkuu yuko safari.
Suala lako linafanyiwa kazi,
nalisema hilo vizuri, kwa sauti ya kumkanda mtu mgongo.
Kwetu hapana haisemwi;
huachwa mlangoni mpaka mgeni aione mwenyewe.

Siku ya saba hakuomba tena kuonana na mtu.
"Dada Sechelela, nigongee muhuri kwenye nakala yangu. Basi."
Nikagonga. IMEPOKELEWA. Tarehe. Saini yangu yenye mkia.
Ni kazi yangu; hata anayelalamikia mbwa wa jirani
namgongea hivyohivyo.

Wiki iliyofuata walinionyesha picha kwenye simu:
uwanja, watu wameshonana,
wanawake midomo wazi kwa vigelegele,
mvulana juu ya nguzo ya taa,
na kwenye bango refu kuliko lori,
muhuri wangu. Mkia wangu.
IMEPOKELEWA.
Hawakujua Kiswahili.
Au mmoja alijua, akanyamaza.

Nikaandika barua ya kujieleza, kurasa mbili.
Kupokea si kukubali. Kupokea si kutambua.
Aya zote zina namba.

Kisha nikapanda gari la wafanyakazi, nikashukia njia ya Nkuhungu,
nikatembea hadi kwangu: vyumba vitatu na choo,
mizabibu kumi na minne, kaburi la mama.
Kwenye ramani ya jiji pale ni eneo la wazi.
Nina risiti za umeme. Nina barua sita za kuomba kupimiwa,
zote zimegongwa, zote zimepokelewa.
Mwaka wa tisa huu, bikoni haijaja.

Nilimwagilia mizabibu kwa maji ya kuoshea vyombo.
Ile noti niliibandika nyuma ya mlango,
ninapoiona nikifunga komeo.
Kisima kile, ukikisogelea, kina kamba, kina ndoo,
na ndoo iko nusu ya njia.
Mchoraji hakuonyesha kama inapanda.